Meza ya heshima katikati ya Kisumu: hoteli, mkahawa wa mjini, jiko la Kihindi au ufuo wa ziwa?

Anayetafuta mkahawa wa hadhi ya juu katikati ya jiji la Kisumu hana eneo kubwa la kuzunguka. Kutoka Barabara ya Oginga Odinga hadi Barabara Kuu ya Jomo Kenyatta, kisha kuingia Barabara ya Achieng' Oneko, ni mwendo mfupi kwa miguu, na humo ndimo zilimobanana benki, afisi za serikali, maduka makubwa na hoteli zinazopokea wageni wa kazi. Ugumu wa kuchagua hautokani na wingi wa mikahawa. Unatokana na kwamba mikahawa inayofanana kwa vitambaa vyeupe, mwanga hafifu na bei inatofautiana sana jikoni, na tofauti hiyo haionekani mpaka sahani ifike mezani, wakati ambapo mgeni wako ameshaketi na huwezi tena kumhamisha. Ninaamini kwamba katika mji huu jiko linapaswa kuchaguliwa kabla ya ukumbi, na kwamba kipimo bora cha jiko la Kisumu ni namna linavyomtendea samaki.

Nyota za hoteli zinasaidia kwa kiasi fulani tu. Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii hupanga hoteli na mikahawa ya Kenya kwa vigezo vilivyokubaliwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vigezo hivyo vinapima mambo ya maana kama usafi, usalama, vifaa na mafunzo ya wahudumu. Hata hivyo, nyota hupewa nyumba nzima, pamoja na vyumba vya kulala na bwawa la kuogelea, na hazikuambii nani anapika usiku wa leo. Mwongozo wa Michelin, ambao huko Ufaransa ulianza kutoa nyota kwa mikahawa mwaka wa 1926, haujafika Kenya. Kwa hiyo mwenyeji hana budi kujipimia mwenyewe.

Meza inayokuja akilini kwanza ni ya hoteli kubwa. Zinazojulikana zaidi katikati ya jiji ni Acacia Premier na Sarova Imperial, hii ya pili ikiendeshwa na kampuni ile ile yenye Sarova Stanley jijini Nairobi na Sarova Woodlands mjini Nakuru. Faida za hoteli za namna hii ni za kweli na hazifai kudharauliwa. Umeme ukikatika, jenereta huwaka kabla mazungumzo hayajakatika. Meza zimeachana vya kutosha kiasi kwamba watu wanaojadili zabuni au mkataba hawalazimiki kunong'ona. Mgeni anayeshuka kwa ndege ya jioni kutoka Nairobi, safari isiyofika saa nzima, anaweza kufika mezani bila kupita kwingine, na akichelewa jiko bado litakuwa wazi. Anayelipiwa na afisi atapata ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki inayotambuliwa na mamlaka ya kodi, bila kuvutana na mtu, jambo lenye uzito tangu Januari 2024, kwa kuwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya haikubali gharama za biashara zisizo na ankara hiyo wakati wa kukokotoa kodi.

Kasoro ya hoteli ni moja, lakini ni kubwa, nayo ni bafe. Kisumu ni mji wa semina na makongamano, na tangu mkutano wa miji ya Afrika, Africities, wa Mei 2022 hamu ya kuandaa mikutano mikubwa haijapungua. Wiki ambayo ukumbi wa mikutano umejaa, nguvu zote za jiko huelekezwa kwenye masufuria makubwa yanayokaa juu ya moto mdogo kwa muda mrefu, na hata ukiagiza kwa menyu, kuna hatari kwamba mchuzi utakaoletewa umechotwa humo humo. Nimewahi kumwona mgeni mheshimiwa, aliyealikwa mahali ambapo sitapataja, akiletewa mnofu wa samaki uliokauka kingo kama kadibodi, huku meza ya pili watu wa semina wakijipakulia samaki yule yule. Haikuwa haki kwake wala kwa samaki. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza hoteli kwa simu haligusi bei wala mandhari. Uliza hivi: jioni hiyo kuna kongamano, na je, jiko litapika kwa kuagizwa au kutakuwa na bafe peke yake? Hoteli inayojiheshimu hujibu waziwazi, na nyingine hukushauri zenyewe uje siku ya pili.

Jambo jingine la kuangalia hotelini ni mvinyo, kama mgeni wako anakunywa. Kisumu iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 tu, na joto la mchana hukaribia nyuzi 30. Mvinyo mwekundu hunoga ukiwa kati ya nyuzi 16 na 18, kwa hiyo chupa iliyokaa kwenye rafu ya mapambo nyuma ya kaunta imekwisha kuchemka nusu kabla haijafunguliwa. Mhudumu aliyefundishwa huileta ikiwa imepozwa kidogo, hufungua mbele yako, na humimina kidogo kwanza ili aliyeagiza aonje. Akiileta vuguvugu na glasi ikiwa imejazwa hadi ukingoni, nakushauri uagize maji ya limau na uendelee na chakula.

Sasa tuje kwa samaki mwenyewe, kwa maana hapa ndipo hoteli, mkahawa wa mjini na ufuo wa ziwa huachana kabisa. Samaki wawili ndio wanaotawala menyu za Kisumu, na hawapaswi kupikwa wala kuandaliwa kwa namna moja. Mbuta, yaani sangara, ni samaki mkubwa aliyeletwa Ziwa Victoria katikati ya karne iliyopita. Nyama yake ni nzito, ina mafuta kiasi, na hukatwa minofu isiyo na miba. Huyu ndiye samaki wa jiko la kifahari, kwa sababu huvumilia kuchomwa, kuokwa na kuwekewa mchuzi wa siagi au wa nazi bila kuvunjika, na mgeni asiyezoea miba humla kwa uma na kisu bila wasiwasi. Ngege, yaani tilapia, ni mwingine kabisa. Utamu wake uko kwenye mifupa, kichwani na kwenye ngozi iliyokaangwa ikakauka, na ukimtoa miba ukamlaza kwenye sahani kubwa nyeupe na matone matatu ya mchuzi pembeni, umemvua kila alichokuwa nacho. Mkahawa unaouza mnofu wa ngege kwa bei ya mbuta, kwangu mimi, umeshajieleza.

Kuna pia suala la alikotoka. Kwa miaka kadhaa sasa soko la Kisumu limekuwa likipokea samaki waliogandishwa kutoka China, na pia ngege wanaofugwa kwenye vizimba humu ziwani, mbali na wale wanaovuliwa. Wa vizimba si wabaya. Mara nyingi huwa wabichi zaidi kuliko waliosafiri siku nzima juani. Aliyegandishwa kwa miezi ndiye wa kuepuka kwa bei ya mkahawa wa hadhi, na hata baada ya kupikwa hujitambulisha: nyama yake huachia maji kwenye sahani na kumeguka hovyo, ilhali ya samaki mbichi hushikamana na mfupa na kutoka kwa mapande yaliyo imara. Kuuliza hakuna aibu. Mwambie mhudumu kwa upole, "Samahani ndugu, ngege wa leo wametoka wapi?" Anayejua kazi yake atakujibu papo hapo, au atasema, "Nipe dakika moja mzee, nimuulize mpishi," kisha arudi na jibu. Katika baadhi ya mikahawa utaletewa samaki mwenyewe kwenye sinia kabla hajapikwa: tazama macho yawe angavu na yaliyojitokeza, matamvua yawe mekundu, na nyama ikibonyezwa irudi. Nauona huo kuwa utaratibu wa heshima kuliko mapambo yoyote ya ukumbini, kwa sababu mwenye mkahawa anakuwa amekubali kukaguliwa.

Omena, yaani dagaa wa ziwani, nao wana kalenda yao. Upande wa Kenya uvuvi wa omena husimamishwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane. Kwa hiyo sahani ndogo ya omena waliokaushwa kwa ndimu na pilipili, ambayo baadhi ya majiko huileta kama kitangulizi, ni ya kuiomba nje ya miezi hiyo.

Mkahawa wa mjini usio wa hoteli, ule ulio kwenye ghorofa ya jengo la biashara au kwenye bustani ndogo nyuma ya barabara kuu, ndio ninaoupendelea kwa watu wanaojuana. Mwenye mkahawa mara nyingi yupo, mpishi ni mmoja, menyu ni fupi, na ukirudi wanakukumbuka. Menyu fupi ni dalili njema sana. Jiko dogo linalotangaza vyakula vya Italia, China, Meksiko na Pwani kwa pamoja lina friza kubwa kuliko jiko lenyewe. Upungufu wa mikahawa hii ni kelele, hasa siku za Ijumaa ambapo muziki hupandishwa kuanzia saa tatu usiku na mazungumzo ya kazi hayawezekani tena. Kisha kuna maegesho, ambayo katikati ya mji ni ya kubahatisha, na huduma inayotegemea nani yuko zamu. Nenda mapema, kabla ya saa mbili, na uombe meza iliyo mbali na spika.

Kipimo kingine cha mikahawa hii, ambacho kwa hoteli hufanikiwa mara chache, ni mboga. Akeyo (mgagani) na osuga (mnavu) zilizopikwa kwa utaratibu wa Kiluo hazipikwi kwa dakika kumi. Huchemshwa, hutiwa maziwa, huachwa zitulie, hurudishwa motoni siku inayofuata na kuongezwa maziwa tena, mpaka ule uchungu wake unageuka kuwa ladha nzito isiyo na mfano. Jiko linaloweza kukuletea mboga hizo jioni lilianza kukufikiria jana yake. Ukiona badala yake sukuma wiki iliyokatwa kwa haraka na kurushwa kwenye mafuta imepewa jina la "mboga za kienyeji", jua kwamba uangalifu umeishia kwenye uchapishaji wa menyu.

Jiko la Kihindi halifai kusahauliwa katika ulinganisho wowote wa Kisumu. Reli iliyofika hapa mwaka wa 1901, mji ukiitwa Port Florence, ilileta mafundi na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, na wajukuu wao bado wana maduka, mahekalu na majiko yao katikati ya jiji. Kwa mgeni asiyekula nyama, hakuna chaguo linalokaribia hili. Hotelini mtu wa namna hiyo huishia kupewa wali, kabichi na viazi, ilhali katika mkahawa wa Kihindi yeye ndiye aliyepikiwa kwanza, na dengu, paneri (jibini la Kihindi), mbaazi na mikate ya moto hufuatana mezani bila mtu kuomba radhi. Ikiwa mgeni ni wa dini ya Wajaini, sema mapema, kwa kuwa hawali vitunguu, vitunguu saumu wala viazi, na mpishi anayewajua atakupangia chakula kizima bila hivyo. Na kwa wanaokula samaki, mnofu wa mbuta uliolazwa kwenye mtindi na viungo kisha ukaingizwa kwenye tanuri la tandoori ni chakula ambacho Kisumu inaweza kukiweka mbele ya mgeni wa mji wowote duniani. Kasoro ni kwamba baadhi ya mikahawa hii haiuzi pombe, kumbi zake huwa na mwanga mkali, na chakula huja kwa kasi, hivyo anayetaka kukaa hadi usiku wa manane atajikuta amemaliza mapema.

Kwa wageni Waislamu, jiko la Kihindi si jibu la moja kwa moja, kwani mengine ni ya Wahindu. Uliza kama nyama ni halali, na hotelini uliza pia kama mchuzi umetiwa mvinyo.

Ufuo wa ziwa kwa kweli uko nje ya wilaya ya biashara, lakini kila anayepanga mlo wa heshima Kisumu huuwaza, na Dunga, pamoja na sehemu kama Kiboko Bay na Dunga Hill Camp, ni mwendo mfupi wa gari kuelekea kusini. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, na aliyefika saa kumi na mbili kamili ataona Ghuba ya Winam ikibadilika rangi mbele yake, boti za wavuvi zikitoka, na upande wa pili vilima vikiingia gizani. Hakuna ukumbi wa katikati ya mji unaoweza kushindana na hilo. Lakini ufuo una masharti yake. Mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri na jioni, tena kwa radi, hasa kuanzia Machi hadi Mei. Gugumaji likisukumwa na upepo laweza kuziba mandhari yote kwa siku kadhaa. Baada ya jua kuzama, mbu na wadudu wadogo wa ziwani huzifuata taa, na mgeni aliyevaa suti hatafurahia kuwafukuza huku akieleza bajeti. Huduma pia ni ya polepole, jambo linalopendeza Jumapili na kuudhi Jumanne. Mimi humpeleka ufuoni mtu aliyekwisha kumaliza kazi, wala si anayeianza.

Kuna kitu kimoja ambacho ninakitazama kila mahali, kiwe hoteli au ufuo, nacho ni kunawa mikono. Samaki mzima na ugali huliwa kwa mkono, na mkahawa wa hadhi wa Kisumu unapaswa kumruhusu mtu kula hivyo bila kumfanya ajione mshamba. Mhudumu mzuri huja na birika la maji ya vuguvugu, beseni, sabuni na kitambaa safi begani, huanza na mgeni au mkubwa wa meza, humimina taratibu bila kurusha maji kwenye kitambaa cha meza, na baada ya chakula hurudi na maji mapya yenye kipande cha ndimu cha kuondoa harufu. Anayetaka uma na kisu anavikuta mahali pake pia. Mahali ambapo unaelekezwa kwenye sinki karibu na choo, ukirudi unakuta samaki amepoa, panaweza kuwa na viti vya ngozi na bado hapajafika hadhi panayoitoza.

Kuhusu bili, tofauti kati ya meza hizi ni kubwa kuliko menyu inavyoonyesha. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16, ushuru wa utalii ni asilimia 2, na mikahawa mingine huongeza ada ya huduma, mara nyingi asilimia 10. Baadhi ya menyu zimejumlisha yote, nyingine zimeandika kwa herufi ndogo chini ya ukurasa kwamba hazijajumlisha. Tuseme mmeagiza vyakula vya shilingi 4,000 kwa kila mtu, na hakuna kilichojumlishwa: kodi itakuwa 640, ushuru 80 na ada ya huduma 400, hivyo kila mtu atafikia shilingi 5,120, na meza ya watu wanne shilingi 20,480 badala ya 16,000 ulizopanga. Uliza unapoweka nafasi. Na kama ada ya huduma tayari imo kwenye bili, bakshishi ni hiari yako; ikiwa haimo, mpe mhudumu taslimu mkononi, kwa sababu inayotumwa kwa M-Pesa ikipitia namba ya malipo ya mkahawa huenda isimfikie usiku ule.

Ningeamua hivi. Kwa mazungumzo ya mkataba, mgeni anayetoka uwanja wa ndege, au kundi la watu wenye vyeo tofauti wasiojuana, ningechukua meza ya hoteli, siku isiyo na kongamano, na ningeagiza mbuta. Kwa mshirika wa biashara ambaye tumeshazoeana, au kusherehekea kazi iliyokamilika, ningekwenda mkahawa mdogo wa mjini ambao mpishi wake ninamfahamu, na ningepiga simu siku mbili kabla ili mboga ziwekwe motoni kwa wakati na ngege mkubwa atengwe. Kwa meza yenye wasiokula nyama, hata kama ni mmoja kati ya watu wanane, ningeenda kwa Wahindi, kwa kuwa wale saba watashiba vizuri popote ilhali yeye ana mahali pachache. Kwa wazazi waliokuja kumtembelea mtoto wao anayefanya kazi mjini, ningengoja mwezi mkavu na kuwapeleka Dunga mapema, wakae upande unaotazama magharibi, na ningeomba samaki waanze kupikwa tunapoondoka mjini, kwa maana ngege mkubwa wa kukaangwa polepole huchukua muda, na wazee hawapendi kula usiku.